Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kahawa Tunayokaanga Nyumbani Hainukii Sawa

Tangu tulipoandika kwa kifupi kuhusu kukaanga buni kwa kikaango cha kawaida, tumepokea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kwa nini mtu akaange kwa mkono uleule na jiko lilelile, halafu apate kahawa mbili zisizofanana hata kidogo? Tumechagua barua sita. Kwa wale wasiolizoea neno hili, buni hapa ni punje ya kahawa iliyokwisha kukobolewa, ikiwa bado mbichi.

Shemeji yangu wa Marangu aliniletea kilo mbili za buni, na wiki hiyohiyo kaka yangu akanitumia kilo moja kutoka Muleba. Nilizikaanga siku moja, kwa zamu, katika kikaango kimoja cha chuma juu ya jiko la mkaa, na kila moja niliitoa ilipofikia rangi ya hudhurungi iliyokoza. Ya Marangu ina uchachu kama wa ndimu, na mume wangu anasema imeharibika. Ya Muleba inanukia karanga zilizokaangwa na udongo uliopata mvua; ni nzito mdomoni, lakini uchungu wake unabaki kooni. Ipi ni mbovu? (Msomaji, Tanga)

Hakuna mbovu, na tafadhali mzuie mzee asije akaimwaga. Ulichokaanga ni mimea miwili tofauti inayoitwa kwa jina moja sokoni. Miteremko ya Kilimanjaro huzaa arabika, ambayo iliingia huko kupitia wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Muleba, kama sehemu kubwa ya Kagera, huzaa zaidi robusta, ambayo Wahaya waliichemsha, wakaikausha na kumkaribishia mgeni aitafune, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuwaletea habari za kikombe na sukari.

Tofauti zao huanza kabla ya moto. Katika buni ya arabika, sukari ya asili hufikia kati ya asilimia 6 na 9 ya uzito mkavu, na mafuta yapata asilimia 15. Robusta ina takriban nusu ya sukari hiyo na mafuta yapata asilimia 10, lakini kafeini yake, ambayo ni kama asilimia 2.2, inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya arabika, na tindikali ziitwazo za klorojeni ni nyingi zaidi ndani yake. Tindikali hizo zikipata moto huvunjika na kuzaa vitu vichungu, na hivyo ndivyo, kuliko hata kafeini yenyewe, vinavyoacha uchungu unaokaa kooni. Sukari nayo haifiki kikombeni ikiwa sukari. Karibu yote huvunjwa na moto: sehemu yake hugeuka harufu inayofanana na ya sukari guru iliyoanza kuungua, na sehemu nyingine huzaa tindikali za jamii ya siki, ambazo huungana na zile za asili zilizokuwamo ndani ya punje. Ndiyo sababu arabika ya mlimani ikikaangwa kwa kiasi huwa na uchachu ulio hai, na wanunuzi wengi duniani huilipia zaidi kwa sababu ya uchachu huohuo ambao mumeo anaudhania kuwa uharibifu. Kahawa iliyoharibika haiwi na ladha ya ndimu. Huwa na uvundo wa gunia lililolowa, au uchachu wa pombe iliyolala.

Harufu ya udongo katika ile ya Muleba ina chanzo cha pili. Arabika ya Kilimanjaro kwa kawaida humenywa ikiwa mbivu, huvundikwa ili utelezi wake uachie, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja. Robusta ya Kagera kwa sehemu kubwa huanikwa nzima na ganda lake, ndiyo maana huko huitwa kahawa ya maganda, na punje hukaa siku nyingi ndani ya tunda linalokauka polepole, ikinyonya kila kinachoizunguka. Ikianikwa juu ya turubai au mkeka, hupata harufu ya matunda makavu. Ikianikwa juu ya ardhi tupu, ardhi hiyo utaionja. Mwulize kaka yako kwa upole ilianikwa wapi.

Sasa tuje kwenye kikaango, maana hapo ndipo mimi naona lilipo tatizo lenyewe. Uliamini rangi. Rangi ni shahidi dhaifu, hasa kwa kahawa ya maganda, ambayo hubadilika kwa mabaka, punje moja ikiwa imekoza na jirani yake bado ina wekundu, na hasa jikoni penye taa hafifu. Shahidi wa kuaminika ni sikio. Buni ina maji yapata asilimia 10 hadi 12, na dakika za mwanzo zote moto hufanya kazi ya kuyatoa. Punje hugeuka manjano na kunukia majani makavu, kisha mkate. Joto ndani ya punje likifika kama nyuzi 200 za Selsiasi, mvuke na gesi huipasua kwa sauti kama ya bisi zinapoanza kuruka. Huo ni mlio wa kwanza. Ukiendelea na moto, kimya hufuata, halafu kwenye nyuzi zipatazo 225 huja mlio wa pili, mwembamba na wa harakaharaka, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa. Wakati huo mafuta huanza kujitokeza juu ya punje, na moshi huwa mzito. Kati ya milio hiyo miwili kuna dakika chache tu, na karibu kila tofauti ya ladha tunayoibishania majumbani imo ndani ya dakika hizo.

Nakushauri ufanye jaribio moja ambalo litakufaa kuliko maelezo yangu. Chukua gramu 300 za buni ya Marangu, zikaange kwa moto wa wastani ukikoroga bila kuacha, na tangu mlio wa kwanza uanze toa kijiko kimoja kila baada ya sekunde 30, ukikiweka kwenye kisahani chake na kukipepea kipoe upesi, kwa kuwa punje iliyotolewa motoni huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Siku mbili baadaye saga kila kisahani peke yake, mimina maji moto kiasi kilekile, uonje kwa mpangilio. Utaanza na kahawa kali kama ndimu yenye dalili za nafaka mbichi. Katikati utakuta uchachu umekutana na utamu wa asali au wa sukari guru. Baadaye chokoleti chungu. Na mwishoni masizi. Utakapofika kisahani cha masizi, rudia jaribio kwa ile ya Muleba, nawe utagundua kwamba visahani vya mwisho vya kahawa hizo mbili vinakaribiana sana, ilhali vya mwanzo vilikuwa mbali kama Marangu na Muleba zenyewe. Moto ukizidi, kila kahawa huwa na ladha ya moto.

Kwa matumizi ya kila siku, itoe ya Marangu kama dakika moja hivi baada ya mlio wa kwanza kutulia. Kama uchachu bado unamkera mzee, ongeza dakika moja, usiongeze tatu. Ya Muleba ipe moto mdogo zaidi na uitoe pale tu unaposikia milio miwili mitatu ya mwanzo ya awamu ya pili, maana isipoiva vizuri hubaki na ukakasi wa magome. Muda wote usipungue dakika 10 wala usizidi sana 15: ukiharakisha, nje huungua na ndani hubaki mbichi, ukichelewesha, kahawa hukauka tu, ikawa na ladha ya mkate wa juzi. Kama una mizani ya jikoni, itumie. Gramu 500 zikirudi 430, umepoteza asilimia 14, na hicho ni kiasi cha wastani. Zikirudi karibu na 400, umekwisha kuvuka mlio wa pili, hata kama macho yanakuambia vingine. Ukitaka kuchanganya, changanya baada ya kukaanga, sehemu tatu za Marangu kwa moja ya Muleba. Wako watu wanaoidharau robusta. Mimi simo kundini mwao, maana kahawa ya barazani yenye tangawizi bila robusta huwa nyepesi mno.

Nikikaanga buni ya Nyeri, jirani wote wa ploti wanajua. Ajabu ni kwamba nikiinywa usiku uleule haina harufu, inatoa povu jingi na ladha yake ni kali kama ya chuma. Siku ya nne au ya tano inakuwa nzuri sana, halafu baada ya mwezi inakufa kabisa. Ni mimi ninayekosea? (Msomaji, Kahawa West, Nairobi)

Hukosei, isipokuwa pengine mwishoni. Harufu inayowaamsha jirani ni harufu iliyokwisha kuondoka kwenye kahawa. Haiwezi kuwa hewani na kikombeni kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya unachonusa wakati wa kukaanga si kahawa hasa, bali ni mvuke, moshi na vile vijiganda vyembamba vinavyoungua chini ya kikaango. Peta punje kwenye ungo mara tu unapozitoa, ukivipuliza vijiganda hivyo nje, nawe utaondoa theluthi nzuri ya ule ukali wa chuma, kwa kadiri ninavyoona mimi jikoni kwangu.

Povu ni gesi ya kaboni, ileile inayotiwa kwenye soda, ambayo moto huizalisha ndani ya punje na ambayo hutoka polepole kwa siku kadhaa. Ikiwa bado nyingi, husukuma maji yasipenye vizuri kwenye unga, na yenyewe huongeza ukali ulimini. Ndiyo maana siku ya nne ni tamu kuliko siku ya kwanza. Arabika zilizokaangwa kidogo huhitaji kusubiri zaidi. Zilizokaangwa sana, ambazo punje zake zimevimba na kupasuka ndani, hutoa gesi upesi, na huchakaa upesi vilevile.

Kuhusu kufa kwake: wataalamu wamehesabu zaidi ya vitu 800 vinavyoruka na kufanya harufu ya kahawa iliyokaangwa, na vile vinavyoifanya inukie kahawa hasa, vikiwemo vya jamii ya salfa ambavyo hutambulika puani hata vikiwa vichache mno, ndivyo vya kwanza kutoweka. Mafuta nayo, yakikutana na hewa, hupata harufu ya mafuta ya kupikia yaliyokaa. Weka punje nzima kwenye chombo kinachofungika vizuri, mbali na jua na jiko, usage kiasi cha siku tu. Kahawa iliyokwisha kusagwa hupoteza katika siku mbili kile ambacho punje nzima hukipoteza katika wiki kadhaa.

Kuna jaribio dogo la kufurahisha watoto, nao wasiopaswa kunywa wanaweza kulifanya kwa kahawa iliyopoa na kijiko kimoja tu. Ziba pua, piga funda, ukae hivyo kidogo: utapata uchachu na uchungu, basi. Achia pua, na Nyeri yote itaingia kwa pamoja, pengine ikiwa na ile dalili ya matunda meusi ambayo wanunuzi huitafuta katika aina ya SL28. Aina hiyo ilichaguliwa na Maabara ya Scott nchini Kenya miaka ya 1930, lakini mbegu zake za awali zilitoka Monduli, Tanganyika, jambo ambalo ndugu zetu wa pande zote mbili za Namanga hulisahau wanapobishana kahawa ya nani inanukia zaidi.

Bibi yangu wa Unguja alikuwa akikaanga kahawa mpaka nyeusi, akaitwanga kwenye kinu na kuipika na tangawizi. Mavyaa wangu hapa Maskati anaikaanga kidogo tu, inabaki ya manjano, anaipika na iliki, na hapendi kabisa ile yangu. Nani mwenye haki? (Msomaji, Maskati)

Bibi msomaji, usije ukanigombanisha na mavyaa wako. Kila mmoja anakaangia kiungo chake. Buni inayotolewa mapema, mlio wa kwanza ukiwa umeanza tu au haujafika, hubaki ngumu kusagika na harufu yake iko karibu na ya shayiri iliyokaushwa. Uchungu wake ni mdogo, na kwa hiyo iliki, pamoja na zafarani kwa wanaoitia, hupata nafasi ya kutawala, na tende au halua hubeba utamu. Bibi yako alikuwa na hesabu nyingine. Kahawa ya dele hukaa juu ya makaa kwa muda mrefu, na ukipika hivyo kahawa yenye uchachu mwingi, uchachu huo utaudhi kabla hujamaliza kikombe. Kwa kuikaanga hadi mafuta yatoke, aliuondoa uchachu, akabaki na moshi na uchungu ambavyo tangawizi inavimudu na kashata inavifuta. Ukitaka kumfurahisha mavyaa bila kumsaliti bibi, usijaribu kukutana naye katikati, kwa kuwa kahawa ya katikati huigombanisha iliki na uchachu. Kaanga mara mbili, uwe na mikebe miwili.

Buni yetu inatoka Kayanza na kwa kawaida ni nzuri sana. Lakini mara mojamoja kikombe kimoja kinatoka na harufu kali ya kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi, na kikombe kinachofuata, cha mkebe uleule, hakina kitu. Tumebadilisha kikaango, maji, hata sufuria. (Msomaji, Bujumbura)

Rudisheni kikaango chenu cha zamani, hakina hatia. Hili linajulikana katika kahawa za Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, na linaitwa hivyohivyo, ladha ya kiazi. Huhusishwa na mdudu aitwaye antestia, wa jamii ya kunguni, anayelitoboa tunda likiwa bado mtini, na punje iliyoathirika hubeba kitu kiitwacho pirazini, ambacho pua huhisi hata kikiwa kidogo sana. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima. Kwa macho haionekani kwa urahisi, na moto hauondoi harufu hiyo hata ukikaanga mpaka mkaa, kwa hiyo msijaribu kuitibu kwa kuikaanga zaidi. Dawa kubwa iko shambani, kwa kumdhibiti mdudu, na kwenye kituo cha kuoshea, ambako matunda hutumbukizwa majini na yanayoelea hutolewa. Nyumbani, sageni kiasi cha kikombe kimoja kwa wakati, mnuse unga kabla ya kumimina maji; kiazi kikinuka, mwageni unga huo peke yake, mfute mashine, msage mwingine. Kukinywa hakudhuru, ila furaha hamna.

Je, ni kweli kwamba kahawa iliyokaangwa ikawa nyeusi ina kafeini nyingi zaidi na ndiyo inayokesha watu? (Msomaji, Mbinga)

Si kweli. Kafeini huvumilia moto wa kukaangia, ikabaki karibu ileile. Ukipima kwa mizani, kahawa nyeusi inaweza kuwa na kafeini zaidi kidogo kwa sababu imepoteza uzito wa vitu vingine. Ukipima kwa kijiko, inaweza kuwa na pungufu, kwa sababu punje zake zimevimba na ni nyepesi. Kinachokesha watu zaidi ni robusta kuliko arabika, na vikombe vitatu kuliko kimoja. Uchungu unakufanya udhani kuna nguvu.

Shangazi alinitumia buni kwa basi kutoka Bukoba ikiwa ndani ya kiroba kimoja na dagaa. Nikiikaanga vizuri, harufu itatoka? (Msomaji, Morogoro)

Sehemu yake itatoka, na nasikitika kusema kwamba haitatoka yote. Buni hunyonya harufu kama unga unavyonyonya mafuta ya taa, na kwa kuwa ina mafuta yake yenyewe, harufu ya samaki hupata mahali pa kushika. Itandaze kwenye ungo kivulini kwa siku mbili tatu, kaanga konzi moja hadi karibu na mlio wa pili, usage siku inayofuata na uinuse ikiwa ya moto. Kama dagaa bado wamo, hakuna namna ya kukaanga itakayowatoa, na kuongeza moto kutakupa dagaa wa kuokwa. Safari ijayo mwombe shangazi afunge mizigo miwili, hata kama kondakta atadai nauli ya yote miwili.